Mafua ya Safari

...na mikono bado ameinyoosha, mama yangu, viganja juu, vidole wazi, kama mtu anayengoja kumiminiwa unga, "Leta majina yangu nimukamate, Elise, mi natoka mbali," amesema, halafu akakohoa, kikohozi kidogo tu, cha adabu, amekizika kwenye ncha ya kikwembe chake, lakini mimi nimekisikia, na mke wangu amekisikia, huyo hapo mlangoni mwa jikoni, mtoto kiunoni, hajasogea mbele wala nyuma, ila baba mdogo Badibanga, aliyekwenda kumpokea mama stesheni na kumbebea kuku wake, yeye hajasikia kitu kwa sababu bado yuko ndani ya treni, anasimulia, treni ililala Tenke hata watu wakasahau walikokuwa wanakwenda, baridi ya mwezi wa sita iliingia kila behewa, "wagon muzima ilikuwa inakohoa, batu na mbuzi!" anasema na kujicheka mwenyewe, cheka tu, baba mdogo, hujui ulichosema, wagon nzima ilikuwa inakohoa na kikohozi kimoja kimeshuka Kolwezi, kimefika Musonoi, kimekaa kwenye kiti changu kizuri chenye kitambaa cha kufuma... mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, ni maneno mazuri, lakini aliyeyasema hakuwa na mtoto kama huyu. Mama yangu ni Ntumba na mtoto wangu ni Ntumba, jina nililompa siku aliyozaliwa, na huku kwetu yule mnayeshiriki naye jina humwiti kwa jina, unamwita majina, majina yangu, na hawa wawili hawajaonana tangu mtoto azaliwe, mmoja Kasai, mmoja hapa kwenye nyumba ya kampuni, na leo mama amepanda treni na miguu yake ile iliyovimba, kwa ajili ya jambo hili moja, kumpokea majina wake, na najua atakavyompokea, nimeona ikifanywa, atafungua pindo la nguo atoe ile pemba, udongo mweupe wa nyumbani, atampaka mtoto kwenye paji la uso, halafu ataweka mdomo karibu kabisa na pua yake na kumpulizia jina, pumzi ndani ya pumzi, apulize tena, apulize mpaka mtoto apige chafya, na akipiga chafya watu hushangilia, jina limeingia!... na kitakachoingia leo si jina peke yake.

Elise ananitazama. Hapana, hanitazami mimi, anatazama pua ya mama, iliyo nyekundu kidogo pembeni, anatazama macho yanayochuruzika, huyu mwanamke anasoma pua kama mimi ninavyosoma geji ya mvuke, Elise wangu, ambaye kwenye kitambulisho serikali isiyotaka majina ya Kizungu imemfutia Elise na kumwandika Ngalula, lakini ukimwita Ngalula hageuki, na mama amekwisha kuona kwamba hageuki kwa lolote leo, na kwetu sisi watu wa Kasai bibi akinyimwa mtoto, tena mtoto anayejulikana kuwa mgonjwa, kuna neno moja tu linalobaki sebuleni, hakuna haja ya mtu kulitamka, litakaa lenyewe kwenye kiti, litakunywa chai, na litapanda treni ya kurudi... mchawi. Muke-mwana amemkatalia mama mkwe mtoto, basi amemwita mchawi, hivyo tu, huhitaji shahidi, na shahidi yupo, baba mdogo Badibanga, mdomo wake haujawahi kufungwa hata kwa mvua. Na Elise akimtoa? Akimtoa tunarudi kule, mwezi uliopita tu tulikuwa kule, mbavu za mtoto zinaingia ndani kila akivuta pumzi, shingo inajikaza, midomo rangi ya majivu, na ule mluzi, Mungu wangu, ule mluzi mwembamba kifuani, na yeye hata halii, nilikuwa namwomba alie, kumbe kulia kunataka pumzi na yeye hakuwa nayo ya kuchezea... na wakati ule nilikuwa bado nasema vumbi. Sote tulikuwa tunasema vumbi. Musonoi ukiumwa jino ni vumbi, ukikosa usingizi ni vumbi, mashimo yako pale, yanalipuliwa, kikombe kikiachwa wazi kinapata utando, kwa hiyo mtoto akikosa pumzi mtaa mzima unajua jibu kabla hujauliza swali, na mimi fundi wa mabomba, mtu wa kuziba, nikaziba, nilibandika karatasi za mifuko ya simenti kwenye kila ufa wa dirisha kwa uji wa unga, majirani wakaja kutazama wakasema Mukendi ana akili, wakaenda kuziba za kwao, na ndani tukajifungia na mbabula yetu ya makaa na mafua yetu yote, tunapumuliana usoni nyumba nzima, tunafurahi kwamba vumbi limebaki nje.

Halafu Lubudi. Nilisema mtoto aende kwa dada yangu Ernestine, Lubudi, mashamba ya mahindi, hewa ya kunywa kwa kikombe, hakuna shimo, hakuna mlipuko, Elise akaenda naye, na watoto wa Ernestine wazuri wale, wenye upendo, kila mmoja na kamasi zake mbili, walimlaza Ntumba katikati yao wamkinge na baridi, na hazikupita siku nyingi mluzi ukaanza, mbaya kuliko yote, wakarudi naye na treni amelala wima juu ya kifua cha mama yake kwa sababu chali hawezi, na pale hospitali, mimi nimetoka kazini na overoli yangu, nimeanza wimbo wangu wa vumbi, Elise akanikata, hakupandisha sauti, alisema, "Mukendi, angalia. Vumbi ilibakia Musonoi. Nini njo ilitufuata Lubudi?" Akajijibu mwenyewe. "Mafua njo ilitufuata. Kila mara njo inatangulia. Mi naona ile tangu zamani." Na akanihesabia, si kwa vidole, kwa watu, mafua ya mwalimu wa katekisimu, mafua ya mtoto wa jirani, mafua yangu mwenyewe ya Pasaka, na nyuma ya kila mafua mluzi, hakuna mluzi uliokuja peke yake, na nilimtazama mke wangu amekaa juu ya benchi lile, hajala, kitambaa kimemtoka kichwani, na nikaona aibu na fahari kwa pamoja, fahari ikashinda. Henriette muuguzi alikuwa pale anasikiliza, akamwambia, "Mama Elise, docteur asubuhi alisema vilevile," na akanigeukia mimi, akauliza kazi yangu, nikasema mabomba, akasema basi weye utaelewa mbio, "Tata Mukendi, ku batoto bengine mafua inapita mu pua, inaenda yake. Huyu njia zake za pumuzi ziko zinavimba ndani kidogo siku zote, hata siku anacheza, hauone. Mafua ikiingia pale inakuta moto tayari, inaongeza kuni. Njia inavimba, inajikaza, makamasi inajaa. Ile muluzi njo pumuzi inatafuta kwa kutokea." Nikaelewa, eeh, nilielewa, kwa sababu bomba ninalijua, bomba nje ni lilelile, zuri, limepakwa rangi, na ndani limejaa ukoko hadi maji yanapita kwa kulia. Nikauliza, na vumbi? Akasema vumbi nayo haiko rafiki, moshi pia, toa mbabula mu nyumba, fungua madirisha, lakini mafua njo mukubwa yao. Na neno la mwisho, hilo ndilo linalonirudia sasa hivi, "Akipona usizani moto imezima. Iko majivu ya moto, siku mingi. Mafua ingine ikianguka juu yake mbele ya kupoa..." na hakumaliza, alitazama kitanda.

Majivu ya moto. Na mama kainyoosha mikono. Na ni wiki chache tu tangu tutoke hospitali, mtoto anacheka, anavuta hereni ya mama yake, ukimwona utasema mzima... "Batoto ya siku hizi banaogopa batu," anasema baba mdogo, amekumbuka kwamba yuko sebuleni, "Elise, mupatie mama mutoto, mikono yake inachoka," na Elise anatabasamu, tabasamu lile la getini, nalijua, huko mtaani wamempachika jina, Mama Kadija, jirani yetu wa upande wa malori, ndiye aliyelianzisha, Mama Douane, mama wa forodha, kwa sababu tangu hospitali hakuna anayevuka geti lile bila kukaguliwa, na hawi mkali, hapo ndipo ninapomvulia kofia, anakungoja getini na kicheko, "Karibu, uko na kitu ya kudéclarer?" na mtu anacheka, anavuta kamasi, ameshikwa, basi kiti chake kinatolewa nje juani, chai inamfuata huko, maneno yanamfuata huko, hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyeingia, hata katekista alikaa juani na Biblia yake akasema amekaa vizuri, ningekuwa mimi ningegombana na nusu ya Musonoi, yeye hajapoteza jirani hata mmoja. Na siku mafua yalipompata yeye mwenyewe... siku hiyo sitaisahau, alijifunga kitambaa puani, akanikabidhi mtoto, akahamia jikoni, na Ntumba analia anamtaka, ananyoosha mikono vilevile, vilevile kama anavyonyoosha bibi yake sasa, na Elise amekaa upande wa pili wa ukuta anamwimbia kupitia mlangoni, anaimba na machozi, hakuja. Mpaka yalipokwisha hakuja. Mwanamke aliyeweza kumkatalia mtoto wake mikono yake mwenyewe, huyo utamfundisha nini? Lakini mama mkwe si katekista. Mama mkwe humwekei kiti juani. Ule utani wa getini hapa haupiti, na tabasamu lake linaanza kukauka pembeni, na naona anavuta pumzi, atasema, huyu atasema mwenyewe, yuko tayari kuwa mke mbaya wa kusimuliwa mpaka Kasai ilimradi mtoto apumue, na mimi nimekaa hapa na kijiko mkononi nakoroga chai iliyokwisha korogwa.

Na mama yangu, jamani, mama yangu si mtu wa kutendewa hivyo, kati ya watu wote wa dunia si yeye... ameanza kuelewa, naona kidole kimoja kinakunjika, kile kidogo, na macho yamekwenda kwa baba mdogo, mara moja tu, haraka, na mimi najua kwa nini amemtazama yeye, kwa sababu nilikuwepo, Mutoshi, wakati baba anafanya kazi huko na sisi sote tunakaa kambini, Kaku alipokuja kututembelea, mama mzaa baba, alikuja kutoka Kasai naye, kwa treni naye, wakati wa baridi naye, akamchukua mdogo wangu Kabeya mapajani na hakumshusha siku nzima, alimpenda mno, Kabeya wetu aliyekuwa anacheka kuliko wote, na baada ya siku chache Kabeya akafa, mchana, jua juu kabisa, watu wanapika. Na pale kilioni baba mdogo, kijana wakati ule, nywele zimechanwa, alisimama akasema sentensi moja, "Mbele huyu mama hajafika, mutoto alikuwa muzima." Basi. Hakuna aliyempiga Kaku, hakuna aliyemtukana, ila chungu chake kikatengwa, kiti chake kikabaki na nafasi pande zote, wanawake wakipita naye wanafunika watoto, na mama yangu, mwenye maiti, mama yangu ambaye kila mtu alikuwa anangoja atupe jiwe la kwanza, alipakua ugali, akavuka uwanja mbele ya kambi nzima, akakaa chini na Kaku, wakala sahani moja. Na Ernestine alipozaliwa, huyuhuyu Ernestine wa Lubudi, kabla hata baba hajamshika, mama alimbeba mpaka kule jikoni nyuma alikokuwa amejitenga Kaku na akamweka mapajani mwake, na baba mdogo akatoka nje kwa hasira, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni naona mikono ya Kaku inavyoogopa kumgusa mtoto, na mama anambonyezea chini, shika, Mama, shika... ujasiri wa namna ile sijauona kwa mwanamume yeyote shimoni. Lakini Kaku alikufa bado akiitwa vile, kimyakimya, na nadhani hata mama, ndani, mahali fulani, alimsamehe tu, si kwamba alijua. Alimsamehe kitu. Kumsamehe mtu ni kukubali kwamba alikosa.

Kabeya wetu, tulikuwa tunamtania, tunamwita Sifuleti, filimbi, kwa sababu akikimbia kifua chake kilikuwa kinapiga... subiri. Kilikuwa kinapiga mluzi. Kabla ya Kaku. Mwaka mzima kabla ya Kaku, tulikuwa tunaweka masikio mgongoni mwake tusikilize, tunacheka, naye anacheka, na akiumwa mafua anapiga zaidi, na ile wiki ya Kaku, mimi nilikuwa napangusa kamasi kwa mkono wa shati, kambi nzima ilikuwa inakohoa, Kaku aliteremka kwenye treni anakohoa, jamani, nakumbuka, alikuwa amefunga leso shingoni, na siku ile ya mwisho mbavu za Kabeya zilikuwa zinaingia ndani, na midomo yake... nimeiona midomo ile mara mbili maishani na sikuitambua mara ya pili. Henriette aliniuliza. Aliniuliza, "Mu famille kuko muntu mwengine alikuwa na ile ya kukosa pumuzi?" na mimi nikajibu hapana, hakuna, bila kufikiri, kwa sababu Kabeya kwetu hakuwahi kuumwa, Kabeya aliliwa, aliuawa kwa uchawi, hospitalini wakikuuliza wagonjwa wa ukoo huwataji walioliwa, hao wana mahali pao, na miaka yote hii yule bibi kizee amekaa mahali pake peke yake na chungu chake, kwa ajili ya mafua. Mafua na kifua kilichokuwa kimevimba tayari. Hakuna mtu aliyejua, hata Kaku hakujua, alikuwa anampulizia mjukuu mapenzi.

Na sasa huyu amekaa palepale alipokaa yule. Hiyo ndiyo anayoiona, mama, hiyo ndiyo iliyomkunja kidole, Elise akikataa mama yangu anakuwa Kaku, Elise akikubali mtoto anakuwa Kabeya, na mwanamke yule mlangoni amefungua mdomo, atasema mafua, atalisema vizuri, kwa heshima, atapiga magoti, na halitafaa kitu, kwa sababu mafua likitangulia litasikika kama kisingizio, watu wa kwetu tunakijua kisingizio hata kikija kimevaa koti jeupe, halafu ataubeba mzigo yeye, kama alivyobeba geti, kama alivyobeba benchi la hospitali, kama alivyobeba ukuta ule wa jikoni. Hapana, Elise, hili si lako. Wewe uliona nini kinatangulia na nini kinafuata, mimi nafuata nyayo zako tu, umenifundisha mpangilio, basi acha niupange. Kabeya kwanza. Kabeya kwanza, halafu mafua, halafu mtoto, ataelewa mwenyewe, aliyevuka uwanja na sahani mkononi ataelewa, huenda atakunja mikono kwa hiari yake, atamwambia Elise wekeni kiti changu juani mpaka nipone, atampungia majina wake mkono kwa mbali, na pemba itangoja, udongo hauozi... na asipoelewa je, akilia je, na baba mdogo aliyesema ile sentensi yuko hapa na kikombe chake, atajisikiaje, ajisikie, mimi sina nafasi ya baba mdogo leo. Kijiko nimekiweka. Nimesimama, goti limelia, Elise ameniona na amefunga mdomo wake polepole, amemhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno, na mikono ya mama bado iko pale hewani, mitupu, yenye mishipa, mikono mizuri kuliko yote niliyopata kuijua, chai inapoa, kuku anajipiga mabawa chini ya meza, baba mdogo amerudi Tenke na baridi yake, nimepiga magoti mbele ya kiti, na nimeishika, yote miwili, ina joto, ina homa kidogo.

"Mama," nimesema, "Kaku hakumukula Kabeya. Ilikuwa mafua."